Mnunuzi wa gari la haibridi aanze na betri

Kila bei ya petroli inapopanda, yadi za magari jijini Nairobi na Mombasa hupata wateja zaidi wanaoulizia magari ya haibridi, yaani yale yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja. Toyota Aqua na Prius, ambayo huletwa kutoka Japani yakiwa yametumika, si mageni tena katika barabara zetu.

Kivutio chake ni bayana. Dereva akanyagapo breki, mota hugeuza mwendo kuwa umeme unaohifadhiwa betrini. Katika msongamano wa mjini, gari hujongea kwa umeme huo huku injini ikiwa imezimika. Dereva wa teksi huiona tofauti jioni anapohesabu kilichosalia mfukoni.

Hata hivyo, akiba hiyo inategemea kiungo ambacho mnunuzi hakioni. Betri kubwa ya Aqua ya kizazi cha kwanza, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 2011, ina vipande 20 vilivyoungwa kwa mfululizo. Kimoja kikidhoofika, betri nzima huyumba. Rangi inayong'aa na viti safi havisemi lolote kuhusu hali hiyo.

Kenya huruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika ambayo hayajazidi miaka 8 tangu yaliposajiliwa mara ya kwanza. Hivyo basi, gari laweza kuteremshwa Mombasa betri yake ikiwa imekwisha kula sehemu kubwa ya umri wake, kisha likakaa yadini miezi kadhaa bila kuendeshwa, jambo ambalo pia huidhoofisha. Ukaguzi unaofanywa kabla ya gari kusafirishwa huangalia iwapo linafaa kuwa barabarani. Haumhakikishii mnunuzi kwamba betri itadumu.

Yafaa mnunuzi afike yadini asubuhi, kabla gari halijawashwa, akiandamana na fundi wake mwenyewe aliye na kompyuta ya kupima kila kipande cha betri. Kutowaka kwa taa ya onyo si ushahidi wa kutosha, kwani kumbukumbu ya hitilafu yaweza kufutwa muda mfupi kabla ya mteja kuwasili.

Gari na liendeshwe kwa angaa nusu saa, mlimani na kwenye msongamano, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Kipimo cha chaji kikipanda na kushuka ghafla, au feni ya betri ikivuma kwa kelele bila kukoma, hizo ni dalili mbaya. Aidha, tundu la hewa lililo kando ya kiti cha nyuma likaguliwe. Vumbi likiliziba, betri hupata joto kupita kiasi.

Muuzaji akisema betri imewahi kutengenezwa, aulizwe iwapo ilibadilishwa yote au kipande kimoja tu. Kipande kipya kati ya vikongwe 19 ni nafuu ya muda, kwani vilivyosalia navyo vitafuata.

Kuna pia suala la sheria. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa pamoja na habari zinazohitajika ili anufaike nazo. Lakini Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ina sharti ambalo wengi hawalijui: mnunuzi aliyekagua bidhaa hawezi kutegemea hakikisho la ubora linalotolewa na sheria hiyo kwa kasoro ambazo ukaguzi wake ulipaswa kuzifichua. Kulizunguka gari mara moja na kupiga magurudumu teke kwaweza kumponza.

Kwa hivyo, kabla ya kutoa hata arbuni, mnunuzi adai mambo mawili kwa maandishi: matokeo ya kipimo cha betri, na ahadi ya yadi kuigharamia ikiharibika katika kipindi kilichotajwa. Yadi inayoiamini bidhaa yake haitakuwa na sababu ya kukataa.

Wengi hununua magari haya kwa mkopo, na gari likikwama mkopo haukwami nalo. Afadhali kuondoka yadini mikono mitupu kuliko kuuziwa mbuzi ndani ya gunia.