Vijana wa Geita na Shinyanga Wafundishwe Kuchonga Jiwe

Kila siku katika Geita na Shinyanga vijana wetu hushika nyundo na tindo wakaenda kuvunja mawe. Huyavunja kutafuta dhahabu iliyomo. Na jiwe likiisha kusagwa, hakuna alitazamaye tena. Sisi twauliza: mkono uwezao kulivunja jiwe, mbona haufundishwi kulichonga?

Wako wasemao kuwa kuchonga jiwe ni ufundi wa wageni. Si kweli. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Na kwa jirani zetu wa Kenya, huko Tabaka katika nchi ya Wagusii, watu wengi hupata riziki yao kwa kuchonga jiwe laini. Sanamu ya ndege aliyoichonga mwana wa huko, Elkana Ong'esa, imewekwa Paris katika makao makuu ya UNESCO.

Kazi tuitakayo sisi ni ile ya picha zinazoinuka juu ya uso wa jiwe. Mwanafunzi husawazisha uso wa jiwe, huchora picha kwa mkaa, kisha hulipunguza jiwe la pembeni kidogo kidogo hata picha ikabaki imeinuka. Mwisho hulainisha kingo ili mwanga na kivuli vionekane. Aanze na jiwe laini. Majabali ya Shinyanga yatamngoja mpaka mkono ukomae. Na jiwe lilowanishwe maji, pua na mdomo vifunikwe, maana vumbi la mawe huua mapafu.

Mambo ya kuchonga hayatupungukii: ng'ombe wetu, wachezaji ngoma wa Bagika na Bagalu, na mchimbaji mwenyewe na sululu yake.

Tukumbuke kuwa mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa haukufunguliwa mpaka mwaka 2000. Miaka yote hiyo watu walikula nini? Dhahabu ina mwisho wake, bali ujuzi hauzeeki.

Fedha zitatoka wapi? Marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 yawataka wenye migodi wapange kila mwaka, pamoja na halmashauri, mambo watakayoitendea jamii. Twashukuru kwa madarasa na visima. Lakini karakana moja Geita na moja Shinyanga, kila moja na fundi wake, si mzigo wa kuwashinda. Kituo cha Jemolojia kilichoko Arusha kimekwisha fundisha vijana kukata vito na kuchonga mawe. Walimu na watafutwe huko.

Waheshimiwa madiwani, neno hili ni lenu. Mtakapokaa kupanga mambo ya mwaka ujao, wananchi wataisoma orodha yenu, waone kama karakana imo.