Picha Moja Haitoshi

"Picha nzuri hujieleza yenyewe." Majaji wa mashindano husema hivyo, wahariri husema hivyo, walimu wa upigaji picha huwakaririsha wanafunzi wao. Anayeleta picha mbili na kuomba zitazamwe pamoja huambiwa achague moja. Naipinga kauli hii. Imetuzoesha uvivu wa kutazama, na imetunyima masimulizi mengi yanayokaa kati ya picha na picha.

Chukua picha mashuhuri ya Vita vya Crimea. Aprili 1855, Mwingereza Roger Fenton alisimamisha kamera yake katika bonde karibu na Sevastopol. Barabara ya vumbi, vilima vikavu, na makombora ya mizinga yametapakaa njiani. Hakuna mtu wala maiti, lakini hofu imejaa. Ukiwa nayo hiyo tu, inajieleza vizuri sana: hapa kifo kilinyesha. Kumbe Fenton alipiga nyingine, kamera ikiwa palepale, na ndani yake barabara ni tupu; makombora yamelala mtaroni na kando ya njia.

Ipi ilitangulia? Mtengeneza filamu wa Marekani, Errol Morris, alisafiri hadi Crimea akilitafuta jibu. Hatimaye jibu lilipatikana kwenye mawe madogo ya kilimani, ambayo hakuna aliyekuwa akiyajali. Katika picha yenye makombora barabarani, mawe hayo yameporomoka kidogo. Jiwe haliporomoki kwenda juu. Basi barabara tupu ndiyo ya kwanza, na makombora yalifika pale baadaye, yumkini kwa mikono ya watu. Ile picha mashuhuri isingetuambia hayo hata tungeikodolea macho karne nzima. Ilihitaji mwenzake.

Fenton alipiga picha zake kwenye vioo, kimoja kimoja. Filamu ilipokuja ilileta mfuatano: fremu zimeshikana kwenye mkanda mmoja, namba zimechapwa ukingoni, na huwezi kuzipangua bila mkasi. Mwaka 1959 kampuni ya Olympus ya Japani ikatoa kamera ya Pen, iliyogawa fremu ya kawaida nusu kwa nusu, hivyo mkanda wa picha 36 ukatoa 72. Faida mojawapo ilikuwa kubana matumizi ya filamu. Lakini picha mbili zilizosimama ubavu kwa ubavu zilianza kuzungumza, na wapiga picha wakajifunza kupiga ya kwanza huku wakiiwazia ya pili: mlango, kisha aliyetoka mlangoni. Mwaka 2024 Pentax nayo ilitoa kamera mpya ya nusu fremu, katika zama hizi za simu. Watu bado wanautaka ule ujirani.

Nitajibiwa kwamba ujirani hudanganya, na nitakumbushwa jaribio la mtengeneza filamu Lev Kuleshov wa Urusi. Aliunganisha uso uleule wa mwigizaji Mozzhukhin na bakuli la supu, kisha na jeneza, na kama alivyosimulia mtengeneza filamu mwenzake Pudovkin, watazamaji waliona mawazo mazito, kisha huzuni, katika uso usiobadilika. Ni kweli. Lakini jaribio hilo linathibitisha hoja yangu: maana haikuwa usoni. Ukiutazama uso huo peke yake bado utautungia maana, ila hutajua kwamba umetunga. Picha ya pili hukulazimisha uulize kilichobadilika, nani alikibadilisha, na kwa nini. Picha moja hukuruhusu uamini na kufunua ukurasa.

Wahariri, zichapisheni zote mbili. Majaji, acheni kumwadhibu anayeleta jozi. Na wewe uliye na bahasha ya picha za zamani kabatini, kabla ya kuchagua ile nzuri na kutupa nyingine, peleka mkanda wake mzima ukasafishwe, uziweke picha zote mezani kwa mfuatano wake, na uwaite wazee waziangalie mbilimbili wangali hai.