Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria: Mjane hawezi kumwandikia marehemu wosia

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni msaidizi wa kisheria mkoani Shinyanga, na mashauri mengi yanayonifikia ni ya mirathi.

Wizara yako, kupitia RITA, inawahimiza wananchi waandike wosia na kuuhifadhi kwa Kabidhi Wasii Mkuu. Naunga mkono, na kila kijiji ninachofika nasema hivyohivyo. Lakini wengi wanaokuja kwangu ni kina mama wazee ambao waume zao walishazikwa bila kuandika chochote. Wosia huandikwa na mwenye mali akiwa hai. Kumhubiria mjane habari za wosia ni kumpelekea dawa mgonjwa aliyekwisha kufa.

Bibi mmoja alinimwagia mezani vitu vyake vyote kutoka kwenye mfuko wa rambo: cheti cha kifo, karatasi ya mauziano ya kiwanja yenye muhuri wa kijiji, na stakabadhi za pamba za chama cha msingi zilizofungwa kwa uzi. Kila karatasi ilikuwa na jina la mumewe. Pamba hiyo alikuwa akiipalilia yeye. Siku ya kuanua tanga ukoo ulikaa kikao, ukamteua shemeji yake kuwa msimamizi wa mirathi. Nilisoma muhtasari wa kikao hicho mara mbili nikitafuta jina la bibi, sikuliona. Alikuwa jikoni, anawapikia waliokuwa wakijadili nyumba yake. Shemeji alijaza Fomu Namba I katika mahakama ya mwanzo, akaapishwa, akapewa barua ya usimamizi. Alitakiwa kurejesha orodha ya mali na hesabu ndani ya miezi minne. Hakurejesha. Alianza kulima shamba kama lake, na kijijini hakuna aliyemuuliza, maana wengi wanaamini msimamizi ndiye mrithi.

Ungetarajia sheria imwokoe. Marehemu akifa bila wosia, na mahakama ikaona aliishi kwa mila, shauri linaangukia Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, lililokusanya sheria za mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Kanuni ya 27 inamnyima mjane fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Haki yake ni kutunzwa na watoto wake, kama alivyowatunza wao. Binti naye amewekwa daraja la tatu, la mwisho.

Naomba tusimame hapo kwenye kutunzwa. Mama wa miaka 70 anageuzwa mgeni katika nyumba aliyoikandika kwa mikono yake. Anakaa kwa hisani ya mwanawe, na mwana mwenyewe yuko Dar es Salaam anahangaikia kodi ya chumba. Je, ambaye hakujaliwa mtoto? Na huku kwetu Usukumani tunajua jinsi ugomvi wa shamba unavyogeuka tuhuma za uchawi dhidi ya kikongwe anayeishi peke yake. Vikongwe wamekatwa mapanga, Mheshimiwa.

Mjane mwenye watoto ambaye mirathi ya mumewe inafuata sheria ya Kiislamu hupata thumuni ya mali. Mahakama ikiona marehemu aliishi nje ya mila, Sheria ya Urithi ya India ya 1865, inayotumika nchini hadi leo, inampa mjane wake mwenye watoto theluthi. Na huyu bibi, lau angedai talaka mumewe akiwa hai, Sheria ya Ndoa ya 1971 ingemruhusu kudai mgawanyo wa mali waliyochuma pamoja. Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema mwaka 1983, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed, kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango. Yaani mke anayeondoka anawekewa njia ya kudai jasho lake, na aliyebaki akamuuguza mumewe hadi kaburini anaambiwa asubiri kutunzwa.

Wajane wawili wa Shinyanga walikwisha kulipeleka jambo hili Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba kanuni hizi ni za kibaguzi, lakini ikakataa kuzifuta. Rufaa yao ilikwama kwa kasoro za kiufundi. Wakaenda mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, mkataba ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985, na mwaka 2015 kamati ikawapa haki na kuitaka nchi yetu ibadilishe sheria. Wanawake hao walifiwa wakiwa bado vijana. Wamezeeka wakiisubiri serikali.

Najua utaambiwa kwamba mila haiguswi. Mimi nimekaa kwenye vikao vya ukoo ambako wazee wenyewe, bila kushurutishwa, walimwachia mjane nyumba na shamba, wakagawana kilichobaki. Mila imesogea. Kilichosimama ni karatasi ya 1963, na ndugu mwenye tamaa huikimbilia karatasi hiyo pindi wazee wanapomkatalia. Tangazo hilo liliandikwa na serikali. Serikali inaweza kuliandika upya.

Ninachokuomba ni muswada wa sheria ya mirathi utakaompa mjane fungu lake kwa jina lake, na haki ya kukaa katika nyumba ya ndoa hadi mwisho wa uhai wake, marehemu awe ameandika wosia au hakuandika. Wakati muswada unaandaliwa, zungumza na Jaji Mkuu ili mahakama ya mwanzo isipokee muhtasari wa kikao usio na sahihi au dole gumba la mjane, na ili msimamizi anayepitisha miezi minne bila hesabu aitwe mahakamani bila kusubiri bibi apate nauli ya kwenda kulalamika.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Msaidizi wa kisheria, Shinyanga