Jamii ya Port Bell haiishii ufukweni

NI jambo la kawaida kuwasikia viongozi wetu wakitaja “jamii ya Uganda”, “jamii ya Kenya” au “jamii ya Tanzania”, kana kwamba jamii ni shamba lililozungushiwa ua. Mwanasosholojia wa Ujerumani, Niklas Luhmann, aliyefariki mwaka 1998, aliikataa fikra hiyo. Kwake, jamii haijengwi kwa watu wala ardhi, bali kwa mawasiliano. Yanapofika mawasiliano ndipo inapofika jamii, na kwa kuwa leo yanafika kote, dunia ina jamii moja tu.

Anayebisha na aende Port Bell, Luzira. Bandari hiyo ya Kampala ina jina la gavana Mwingereza, Hesketh Bell, lakini uhai wake umetegemea Kisumu na Mwanza. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, meli za mabehewa ziligawanywa: Uhuru ikabaki Kenya, Umoja Tanzania. Mali iligawanyika, lakini bei, oda na malipo havikuacha kuvuka ziwa.

Luhmann alisema pia kwamba ndani ya jamii kila mfumo una lugha yake. Uchumi husikia malipo, sheria husikia halali na haramu, siasa husikia madaraka. Hakuna ulio mkuu wa mingine. Somo hilo tulilipata Mei 2005, Kabalega ilipozama baada ya kugongana na Kaawa. Safari za meli za mabehewa za Uganda zilisimama kwa miaka mingi. Mwaka 2018 ndipo Umoja ilipoanza tena kuleta shehena kutoka Mwanza. Hasara ya mfanyabiashara haigeuki cheti cha usalama, wala hotuba ya mwanasiasa haizibi tundu la meli.

Lakini yupo anayesahaulika. Luhmann humweka binadamu nje ya jamii, katika mazingira yake, na wengi humlaumu kwa hilo. Mimi naona ametuonya. Kwenye hesabu, mchukuzi wa bandarini ni gharama. Kwenye sheria, ni jina katika mkataba. Asiye na mkataba haonekani popote, na bandari inapolala, njaa yake haina lugha.

Wakati umefika serikali za ziwa ziache kudhani kwamba amri moja huamsha bandari. Ziwaketishe pamoja wakaguzi, wafanyabiashara na wanasheria wa nchi zote tatu, na mchukuzi apewe kiti. Kama jamii ni mawasiliano, asiyesikika hayumo.