"Injinia, mwambie achukue kompyuta"

Jumanne jioni soja wa jengo letu hapa Lavington alinisimamisha getini. "Injinia," akasema (huniita hivyo ingawa sijawahi kujenga hata choo), "binti yangu amepata B+. Mwambie achukue kompyuta. Wewe atakusikia."

Binti mwenyewe anataka jiografia. Anapenda ramani tangu shule ya msingi. Babake anahofu kwamba ramani hazilipi kodi ya nyumba.

Mimi nilisomea sayansi ya kompyuta na inanilisha. Ningeweza kusema "chukua kompyuta" nikapanda ngazi zangu. Sikusema, na sababu ni hizi.

Kwanza, "kozi yenye kazi" ni utabiri wa miaka minne mbele. Zamani hapa Kenya kozi ya uhakika ilikuwa ualimu: ukimaliza, serikali inakuajiri. Mwaka 1998 ajira hiyo ya moja kwa moja ikasimamishwa. Aliyeingia chuoni 1995 akitegemea uhakika huo alitoka akakuta mlango umefungwa. Naye aliyeanza kompyuta 2004 hakujua kwamba M-Pesa ingekuja 2007 na kebo ya SEACOM 2009. Alibahatika tu. Aliyeanza 2019 alimaliza 2023, miezi michache baada ya ChatGPT kutolewa Novemba 2022. Kwenye timu yetu, vijikazi tulivyokuwa tukimpa mgeni siku hizi tunaipa akili unde kwanza. Nitamwambiaje mzee kwamba kompyuta ni uhakika?

Pili, "fuata moyo wako" ni ushauri wa mwenye akiba. Nyuma ya kuta za mtaa huu kuna vijana ambao digrii ya kwanza ikiharibika wazazi watalipia ya pili. Binti wa soja ana nafasi moja.

Tatu, ni nani aliyesema lazima achague moja? Mwaka 2009 vijana wa Kibera, kilomita chache kutoka hapa, walizunguka na vifaa vya GPS wakauchora mtaa wao kwenye OpenStreetMap. Mradi ule unaitwa Map Kibera. Hiyo ni jiografia au ni kompyuta? Na Chuo Kikuu cha Nairobi kina digrii ya uhandisi wa jiospesho: hesabu, upimaji, picha za satelaiti na programu.

Kwa hivyo sikumuuliza binti anapenda nini. Nilimuuliza hesabu alipata ngapi. KUCCPS haitazami gredi ya jumla peke yake. Masomo manne ya klasta yana uzito wake, na B+ yenye hesabu mbovu inaweza kukufungia kozi hizi. Alipata A- ya hesabu na B+ ya fizikia. Basi kujaribu anaweza.

Jumamosi nikampa laptopu yangu achore vichochoro vilivyo nyuma ya James Gichuru Road. Nilidhani atachoka baada ya saa moja. Saa nne baadaye alikuwa bado anarekebisha geti moja lililowekwa upande usio wake. Nikamwonyesha jinsi ya kuandika programu ndogo ya Python ya kuhesabu nyumba alizochora. Ikagoma mara sita. Hakuinuka.

Hicho ndicho kipimo changu. Kila kazi ina siku ya kugoma, na mshahara peke yake haukurudishi kitini mara ya saba.

Jioni nikamwambia babake: "Mzee, aweke jiospesho kwanza, kompyuta iwe ya pili."

"Na kazi atapata?"

"Hata yangu siwezi kukuapia, mzee."

Hakucheka. Alinitazama kidogo, akaenda kumfungulia jirani geti. Fomu bado haijajazwa.

Nyinyi mngemwambia nini?