Afya ya Watu na Mifugo: Homa ya Bonde la Ufa

Wako watu wasemao kwamba maradhi ya mnyama ni ya mnyama, na ya mtu ni ya mtu. Maneno hayo si kweli, na ushahidi tunao katika nchi yetu wenyewe.

Mwaka wa 1930 wana-kondoo walikufa kwa wingi katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, na kondoo wenye mimba wakazitupa. Wataalamu wa Kabete walichunguza jambo hilo, na mwaka wa 1931 walitangaza ugonjwa mpya uletwao na virusi. Ndio uitwao Homa ya Bonde la Ufa.

Huenea hivi. Wako mbu watagao mayai katika mabonde yatuamayo maji. Virusi vyaweza kukaa ndani ya mayai hayo, nayo hulala katika udongo mkavu miaka mingi bila kufa. Mvua ikizidi na mabonde yakafurika, mayai huanguliwa, na mbu hao huwauma kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia. Ndiyo sababu maradhi yalizuka kwa mvua kubwa za mwaka wa 1997, hasa upande wa Garissa, na tena mwisho wa mwaka wa 2006. Mara hiyo ya pili wagonjwa 684 walihesabiwa katika Kenya, na 155 kati yao walikufa.

Lakini mbu si njia pekee. Wengi huupata ugonjwa kwa mikono yao wenyewe, kwa kumchinja au kumchuna mnyama mgonjwa, kumzalisha, au kushika mimba iliyotupwa. Walio wengi huumwa homa na viungo kwa siku chache, kisha hupona. Wengine hupofuka. Wachache hutokwa na damu, na karibu nusu ya hao hufa.

Basi yafaa tufanyeje? Mnyama akiwa mgonjwa, asichinjwe ili nyama isipotee. Mimba iliyotupwa isishikwe kwa mikono mitupu. Maziwa yachemshwe, nyama iive sawasawa, na chandarua kitumiwe. Chanjo ya mifugo ifanywe kabla ya mvua. Maradhi yakiisha kuingia, sindano moja ikitumiwa kwa wanyama wengi yaweza kuyaeneza.

Najua wako wafugaji wasiotaka kumwita Bwana Mifugo, wakiogopa kwamba soko litafungwa. Hofu hiyo ina sababu, maana ada ya shule na chakula cha nyumbani hutoka zizini. Lakini soko lililofungwa hufunguliwa tena, na kondoo waliokufa hupata badala yao. Mwenye zizi akifa, ni nani atakayewalisha watoto wake? Wazee wetu walikwisha kutuonya: mficha maradhi, kilio humfichua.