Tusiziamini hesabu za kompyuta kibubusa

Imeenea imani miongoni mwa wanafunzi wetu, na hata baadhi ya walimu, kwamba jibu likishatolewa na kompyuta halina budi kuwa sahihi. Imani hiyo ni potofu, na yafaa ing'olewe shuleni kabla haijaota mizizi.

Mwanafunzi akiiagiza lugha ya Python ijumlishe 0.1 na 0.2 hapati 0.3, bali 0.30000000000000004. Mashine haijaharibika. Kompyuta huhesabu kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Nusu, robo na thumni huziandika barabara, lakini sehemu moja ya kumi haiandikiki ikaisha, kama vile sisi tusivyoweza kuikamilisha thuluthi kwa desimali: 0.333 na kuendelea bila kikomo. Kwa kuwa nafasi yake ya kuhifadhi namba ina mpaka, kompyuta hushika kadirio lililo karibu na kuendelea na kazi.

Wapo watakaosema kwamba tofauti ndogo hivyo haimdhuru mtu. Nawakumbusha yaliyotukia Dhahran, Saudi Arabia, tarehe 25 Februari 1991, wakati wa Vita vya Ghuba. Mtambo wa Patriot wa jeshi la Marekani, uliowekwa kuzuia makombora, ulihesabu wakati kwa sehemu za kumi za sekunde. Namba 0.1 iliyohifadhiwa ndani yake ilikatwa, ikapungua kwa takriban 0.000000095. Mtambo huo ulikuwa umefanya kazi kwa saa 100 mfululizo, yaani sehemu za kumi 3,600,000. Mwalimu wa hisabati na awape wanafunzi wake wazidishe: watapata sekunde 0.34 hivi. Kombora la Scud lilikuwa likienda zaidi ya mita 1,600 kwa sekunde, hivyo mtambo ukalitafuta zaidi ya nusu kilomita kutoka mahali lilipokuwa. Wanajeshi 28 wa Marekani waliuawa. Programu iliyorekebishwa iliwasili siku iliyofuata.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Walikuwa wakisifu akiba, lakini makosa nayo yana kibaba chake.

Mwaka 2022, Taasisi ya Kukuza Mitaala nchini (KICD) iliidhinisha mafunzo ya kuandika programu katika shule za msingi na za upili. Hatua hiyo nilifurahia. Hata hivyo, kumfunza mtoto kuiamuru mashine bila kumfunza kuihoji ni kumkabidhi panga lisilo na ala.

Kwa maoni yangu, mambo matatu yafunzwe mapema. Kwanza, pesa zihesabiwe kwa senti nzima, wala si kwa shilingi zenye desimali. Pili, programu isiulize iwapo namba mbili za desimali zinalingana kabisa, bali iwapo tofauti yake haizidi kiwango kilichokubaliwa. Tatu, hesabu inayorudiwa maelfu ya mara ipigwe pia kwa njia nyingine, kisha majibu yalinganishwe.

Hata shule isiyo na kompyuta inaweza kuanza. Mwalimu mwenye ubao na chaki na agawanye moja kwa tatu, akomee tarakimu ya nne, kisha azidishe jibu kwa tatu. Wanafunzi wataona 0.9999, nao watauliza sehemu iliyobaki imekwenda wapi. Swali hilo ndilo tunalotaka waende nalo mbele ya kila kompyuta.